Sita Iliyoandikwa Tisa

Nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu nina miaka kumi na tisa na mama bado huniuliza kama nimekula. Lakini kazi niliyokuwa nikiifanya nimeiacha na sirudi, na anayeacha kazi asirudi huitwa mstaafu. Jina hilo alinipa Babu Athmani mwenyewe. Siku niliyomwambia kwamba Jumamosi ijayo siji, wala ile ya pili yake, alinikatia kipande cha mkate wa sinia, akanimiminia chai ya tangawizi, akasema, "Haya, bibi mstaafu, pensheni yako hiyo." Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Nawaandikia nyinyi, Swaleh na Rukia, na wenzenu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, nyinyi mnaosikia kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Mmeniuliza kama kiti changu kiko wazi. Kiko wazi, na Babu anahitaji macho ya kijana. Ila kabla hamjakikalia, someni hii mpaka mwisho. Ningewaambia kwa mdomo, lakini mnanijua: mbele ya watu watatu sauti yangu huingia ndani kama kichwa cha kobe. Na sauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Kwa sababu yake, mwanamke anayeitwa Doris alikikosa kitu pekee cha baba yake kilichokuwa kimebaki duniani, nami nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu miwili.

Kazi ni hii. Gary ni Mzungu mzee mwenye duka Inver Grove Heights, nyuma ya mahali pa kuoshea magari. Hauzi bunduki mpya. Anakusanya rivolva za polisi wa zamani, zile za silinda inayozunguka, ambazo polisi wa huku waliziacha siku nyingi walipopewa bastola za kisasa. Zilirundikwa stoo, zikauzwa kwa maboksi, na leo kuna watu wazima wenye wajukuu wanaozitafuta kama wengine wanavyotafuta stempu. Wanataka kujua hii ilibebwa na askari wa mji gani, ni ya kweli au mtu ameigonga chapa juzi garajini kwake. Hapo ndipo anapoingia Babu Athmani. Kwa wasiomjua, ni kaka yake bibi yetu. Kule Mombasa alikuwa fundi wa silaha wa polisi kabla wanawe hawajamleta huku ughaibuni, Richfield. Chuma anakijua. Tatizo macho yameingia ukungu, na sikio la kushoto lilikwenda na milio ya mazoezi tangu ujanani. Akanichukua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, sina rafiki wa kunitafuta Jumamosi, na mama alifurahi kwamba angalau nitatoka chumbani.

Sikuwahi kufyatua hata risasi moja. Waambieni wazazi wenu hilo kwanza. Kazi yetu ilikuwa kusoma.

"Bismillahi, kisha silinda," ndivyo alivyonianzisha. Unaifungua silinda, unatazama matundu yote kwa macho, halafu unayapitisha kidole kidogo, halafu unampa mwenzako naye atazame. Hata kama imetoka kwenye kabati la kioo. Hata kama Gary amesema ni tupu. Hasa kama Gary amesema ni tupu. Msipofanya hivyo Babu atawarudisha nyumbani siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki.

Baada ya hapo unaiuliza ni ya ukoo gani. Babu hana habari na majina ya viwanda. Kwake kuna za farasi, zenye chapa ya farasi mdogo ubavuni, na kuna za msokoto, zenye herufi zilizosokotana kama nywele za Rukia. Chapa ikiwa imefutika, usibabaike. Ya farasi ukitaka kuifungua unavuta kitufe nyuma, na silinda yake inazunguka kufuata mishale ya saa. Ya msokoto unasukuma kitufe mbele, na silinda inazunguka kinyume. Mikono itawaambia kabla ya macho. Halafu kuna za Kiingereza zinazovunjika katikati kama muwa. Hizo alizijua tangu kwao, na ikija moja alikuwa anaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha ananipa niandike kadi.

Rivolva ya askari wa kweli ilibebwa sana na kupigwa kidogo. Rangi huliwa mdomoni mwa mtutu, pale inapoingia na kutoka kwenye ala ya ngozi, na kwenye ukingo wa silinda. Ndani ya mtutu kunabaki safi. Ukikuta nje mpya na ndani kumechakaa, jua mtu amepaka rangi upya ili auze. Tazameni pia ubao wa mpini, upande wa kulia. Askari wa huku hukaa ndani ya gari kutwa nzima, na kufuli ya mkanda wa kiti iko pale pale kiunoni. Ubao huo unakuwa umekwaruzwa kana kwamba paka aliulalia. Gary ana wateja wenye vitabu vinene kama matofali ambao hawakuijua habari ya mkanda. Babu aliigundua kwa kukaa ndani ya gari lake mwenyewe na bisibisi kiunoni, akijifunga na kujifungua mkanda huku mimi nikitamani majirani wasitoke nje.

Makosa nimeyafanya mengi, na nitawatajia mawili ya kuchekesha kabla ya lile lisilochekesha.

Mwezi wa kwanza nilisoma nambari za boksi zima, nikajivuna, kumbe nimesoma za ndani, kwenye mkono unaoshikilia silinda. Zile ni alama za mafundi wa kiwandani, ili wasichanganye vipande wakati wa kuunga. Nambari ya bunduki yenyewe iko chini kabisa, kwenye kitako cha mpini. Ni kama kumuuliza mtu jina lake ukaandika saizi ya kiatu. Nilirudia boksi zima.

La pili ni la kwetu, Mzungu asingelifanya. Ililetwa rivolva nyeupe ya nikeli, imeingia ukungu wa manjano, ina huzuni. Nikakumbuka bibi anavyosafisha sinia zake za shaba. Jumamosi iliyofuata nilikuja na ndimu mfukoni. Majivu sikuwa nayo, nikatumia chumvi. Nilisugua mpaka ikang'aa kama sinia ya harusi, nikaiweka juu ya kitambaa cheupe, nikasubiri kusifiwa. Gary aliiona akavuta kiti akakaa. Ukungu ule ndio ulikuwa umri wake. Wateja walikuwa wanautaka ukungu. Babu aliniambia kwa Kiswahili ili Gary asielewe, "Mwanangu, umemnyoa mzee wa watu ndevu akiwa amelala." Msisafishe kitu. Kitambaa kikavu, basi.

Sasa lile la tatu.

Nambari za kitako ni ndogo kama ufuta, na nyingine zimesagika. Babu hutia unga wa chaki, anafuta kwa kidole gumba, nambari zinabaki nyeupe. Mimi nasoma kwa lenzi, yeye anaandika daftarini. Alitaka nizisome kwa Kiswahili, moja moja. Nambari za Kiingereza, anasema, hupita kichwani kwanza kuomba ruhusa. Za Kiswahili zinakwenda moja kwa moja mkononi. Na aliniusia kuhusu sita na tisa. Chuma hakina juu wala chini, ukiigeuza rivolva sita inakuwa tisa. Kwa hiyo tafuta kwanza nne au saba, kitu kisichoweza kusimama kwa kichwa, ndipo uiamini sita yako. Usia huo niliushika. Macho yangu hayajawahi kukosea sita.

Ambalo hatukuliwaza, mimi wala yeye, ni kwamba hata kinywani sita na tisa ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Herufi zile zile nne. Sita, tisa. Sasa liseme kwa sauti ya kobe, upande wa sikio bovu, mashine za kuoshea magari zikinguruma nyuma ya ukuta.

Kwa hatari za namna hiyo Babu alikuwa na dawa yake. Nikimaliza kusoma, yeye hunirudishia nambari yote kama alivyoiandika, nami nasema naam. Naam ndiyo muhuri. Bila naam hafungi mstari.

Ilikuwa Jumamosi ya theluji. Boksi lilikuwa limetoka mji mdogo kusini, ukifuata mto, rivolva za msokoto zilizochoka, mipini imepasuka. Gary alitaka orodha tu. Alikuwa ameshaamua kuziuza zote pamoja kwa mtu wa vipuri, isipokuwa pakitokea yenye mwenyewe anayeitafuta. Alikuwa amesimama karibu yetu na kikombe cha kahawa. Alimwita Babu mara tatu na Babu hakugeuka. Gary akacheka akaniambia mimi, Babu akiwepo, kwamba itabidi amtafutie mzee wetu kengele ya ng'ombe, akitaka kumwita aitikise. Hakuwa na ubaya, Gary ndivyo alivyo. Lakini hilo Babu alilisikia. Alivua kofia yake ya kiua, akaikung'uta kana kwamba ina vumbi, akaivaa tena.

Ikaja rivolva iliyofuata. Nikatafuta nne, nikaiona, ikasimama sawa. Nikasoma: tano, nne, nane, sita, sufuri, tatu.

Babu akaandika. Akanirudishia: "Tano, nne, nane, tisa, sufuri, tatu."

Ningependa kuwaambia kwamba sikusikia. Nilisikia.

Nyumbani tumelelewa hivi: mkubwa hakosolewi mbele ya mgeni. Gary alikuwa bado pale, kicheko chake hakijapoa. Kumwambia Babu wakati ule kwamba amesikia vibaya niliona ni kumvua kofia mara ya pili. Nikajiambia, Gary akitoka nitamnong'oneza, tutafuta tutaandika upya, hakuna atakayejua. Nikasema, "Naam."

Gary hakutoka. Theluji ilizidi, Babu akaniita tuondoke kabla daraja halijaganda, nikarudisha skrubu za ubao wa mpini niliokuwa nimeufungua, nikafunga lenzi kwenye kitambaa chake. Ndani ya gari nilikuwa nawaza mtihani wa kemia. Ndivyo kosa lilivyoisha, au nilivyodhani.

Doris alikuja dukani Jumatano moja, mimi niko shuleni, kwa hiyo haya nilisimuliwa. Ni mama mtu mzima, alifanya kazi jikoni kwenye shule mpaka magoti yalipomkatalia. Baba yake alikuwa askari katika mji ule ule wa kusini. Jioni akirudi kazini aliitoa rivolva, akaifungua, akaiweka juu ya friji ndani ya bati la mkate, na watoto walijua kwamba bati likishakuwa na kitu baba yuko nyumbani. Alipostaafu aliirudisha kwa idara. Akafa. Baadaye nyumba iliungua, moto ukachukua picha, sare, saa yake, kila kitu. Alichobaki nacho Doris ni kadi ya kukabidhiwa silaha, kwa sababu ilikuwa ndani ya pochi yake siku ya moto. Juu yake kuna jina la baba na nambari. Alikuwa amezunguka maduka kama ya Gary miaka mingi akiionyesha. Alitaka iwe imezibwa mtutu, isiweze kupiga, atie ndani ya fremu. Basi.

Gary alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema pole, hatuna. Kuna moja inakaribia sana, tarakimu moja tu haikubali. Boksi lilikuwa bado liko nyuma, hatua kumi na tano kutoka aliposimama Doris. Gary akamuuliza Babu kama inafaa kwenda kuangalia tena. Na Babu akasema, na hili ndilo linaloniamsha, akasema, "Hakuna haja. Mtoto yule alisoma, nikamrudishia, akasema naam. Macho ya mtoto yule hayakosei."

Kesho yake mtu wa vipuri akaja kuchukua boksi.

Mimi nilikutana na Doris wiki tatu baadaye. Safari hii alipita Jumamosi kuuliza kama kuna kipya. Gary alinitambulisha kama macho ya duka. Doris akanipa mkono, akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki ili nami niijue, endapo nitaiona mahali.

"Mlikuwa na jirani yake hapa," aliniambia. "Tarakimu moja tu. Huwa najiambia pengine zilining'inia pamoja kabatini, zikizungumza."

Nikasoma kadi. Tano, nne, nane, sita, sufuri, tatu. Nikahisi masikio yamejaa maji. Nilimrudishia kadi, nikasema nitaangalia. Sauti ilinitoka ndogo hata ikambidi anisogelee.

Mchana ule ule nilifika nyumbani nikafungua shajara. Naandika tangu darasa la saba, na kila Jumamosi, pale pale dukani, niliandika rivolva zilizonipendeza na zilizoniudhi, kwa tarakimu, si kwa maneno. Nikaikuta siku ya theluji. Sita ilikuwa pale, nimeichora mwenyewe, tumbo chini. Nilikuwa nimeandika na mistari mingine chini yake lakini sikuitazama. Niliitazama ile sita mpaka ikaacha kuwa nambari.

Nikavaa koti nikaenda kwa Babu, ni mitaa mitatu tu. Alikuwa amemaliza Alasiri, bado yuko juu ya msala. Nilikaa kwenye zulia nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa amenigeuzia sikio la kulia.

"Niliporudisha, ulisikia tisa?"

"Nilisikia."

"Na ukasema naam."

"Nilisema. Gary alikuwepo. Alikuwa amekucheka."

Akakunja pembe ya msala. Kisha akasema, "Mwanangu, nimeandika vitabu vya silaha vya kituo kizima, na vilikuwa sawa, unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyenihurumia. Nikikosea koplo ananiambia mbele ya watu, mzee umekosea. Wewe umenihurumia. Fundi hahurumiwi."

Hakupandisha sauti. Ningeona nafuu angepandisha.

Jumatatu Gary alimpigia simu mtu wa vipuri, akaweka spika ili nasi tusikie. Mtu yule alikuwa mpole. Alisema boksi lile alilimaliza. Vyuma vikubwa amevikata kwa moto, kama sheria inavyotaka, ili visiunganishwe tena. Springi na vitufe vimetawanyika kwa watu asiowajua. Na mbao za mipini? Zile nzima ameuza. Zilizopasuka huwashia jiko la garaji, baridi ya mwaka huu ilikuwa mbaya.

Gary alivua miwani. Akasema yeye atampigia Doris. Babu akakataa. Akasema habari ya msiba haipelekwi kwa simu.

Kabla sijawaambia tulivyokwenda, niwape ya kazi, maana mkifika hapo mwisho hamtakuwa na hamu nayo. Siku hizi mambo yamebadilika. Gary amenunua kamera ndogo yenye taa, unaiweka juu ya nambari inatokea kwenye kompyuta kubwa kama bango la barabarani, na kila kitako kinapigwa picha kabla hakijaandikwa. Ni chombo kizuri. Lakini daftari la Babu bado lipo, na bado atawarudishia nambari, na bado atasubiri naam yenu. Semeni moja, mbili, tatu mkitaka, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa vidole. Akikosea mwambieni, Gary akiwepo, mteja akiwepo, hata akiwepo imamu. Mwambieni upande wa kulia na kwa sauti. Atakunja uso. Mwacheni akunje. Heshima tuliyofundishwa ni nzuri mezani na msibani; juu ya nambari haina kazi.

Tulikwenda siku ya pili ya simu ile, Babu na mimi. Doris anakaa kwenye nyumba za wazee, ghorofa ya chini, zulia la kahawia, joto kali la hita. Alikuwa ametutengenezea kahawa na kutuwekea biskuti, kwa sababu Babu alisema kwenye simu kwamba tuna habari za rivolva. Alipotufungulia mlango uso wake ulikuwa na tumaini, na nilitamani kurudi garini.

Babu alianza. Kwa Kiingereza chake kilichonyooka alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeshika kalamu, masikio yake ni mabovu na alikuwa hataki kukubali. Ningeweza kuliacha hapo. Alikuwa ananipa mlango nitokee.

"Hapana," nikasema. Wote wawili walinigeukia, maana nilikuwa nimesema kwa sauti. "Niliisoma sawa. Nikamsikia akikosea. Nikanyamaza."

Nikamweleza sita na tisa, kofia, naam, boksi lililokuwa hatua kumi na tano. Nikamweleza moto na jiko. Sikuruka kitu. Doris hakulia wala hakunitukana. Alikuwa anageuza kijiko ndani ya kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Kwa hiyo uliishika," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimekuja na shajara ili aione ile sita kwa macho yake. Nikamfungulia ukurasa. Akaigusa nambari kwa ukucha, akaona mistari iliyo chini yake, akauliza ni lugha gani. Nikamwambia. Akasema, "Nisomee yote."

Nikasoma kwa Kiswahili na kugeuza kwa Kiingereza, sentensi moja moja. Ya msokoto. Mdomo wa mtutu umeliwa na ngozi. Ndani safi. Ubao wa kulia umekwaruzwa, una ufa. Kila nikigeuza sentensi alitikisa kichwa, kama mtu anayeelezewa sura ya mtu anayemjua. Nilikuwa naona haya imepungua kidogo kifuani, nikaendelea na mstari wa mwisho bila kuutangulia kwa macho.

"Nimefungua skrubu. Ndani ya ubao wa kulia kuna maandishi ya penseli. Sikuyasoma, theluji imezidi, Babu anaita."

Nilishindwa kuugeuza. Babu aliusikia kwa Kiswahili, nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza. Doris alitutazama, mmoja kisha mwingine.

"Umesema nini hapo?"

Nikamwambia.

Hita ilikuwa inalia ukutani. Doris akaweka kijiko chini.

"Yalisema nini?"

"Sijui," nikasema. "Sikusoma."

Nilingoja atufukuze. Babu pia nadhani alingoja, alikuwa ameshashika fimbo yake. Badala yake Doris alisogeza sahani ya biskuti pembeni, akafuta makombo mezani kwa kiganja.

"Ubao wenyewe ni mpana kiasi gani?"

Nikaweka kidole gumba na cha shahada juu ya meza, nikavitanua mpaka pale ninapokumbuka. Doris akainama. Alipitisha kidole chake katikati ya vidole vyangu, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kunigusa, kama mtu anayeandika. Kikafika mwisho upesi. Akarudia tena.

"Basi lilikuwa neno fupi," akasema.